Mtoto wa Kike, Miaka Saba Hivi

Nilifika masjala ya ardhi jua likiwa limekwisha kushuka nyuma ya jengo la posta, saa ambayo makarani hufunga madirisha ya upande mmoja huku wakiwahudumia watu wa mwisho upande wa pili. Shughuli yenyewe ilikuwa ndogo: kuchukua nakala za kadi za ukaguzi wa kiwanja chetu, kuzipigisha mhuri, kisha kuzipeleka kwa mama. Baba alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia. Tangu hapo nilikuwa nikifanya mambo moja baada ya lingine, bila kuruka, na utaratibu huo ulinisaidia kuliko pole za watu.

Nieleze kwanza kilichokuwa hatarini, msomaji asije akadhani kwamba nilitoka nyumbani kutafuta mizimu.

Nyumba anayoishi mama ilijengwa na bibi mzaa babu, pamoja na mumewe. Baba mdogo, yaani binamu yake marehemu baba, alikuwa amefungua shauri kwenye baraza la ardhi. Alidai kwamba bibi yule hakuwahi kuzaa. Kwamba babu yangu aliokotwa na kulelewa tu humo. Na kwamba, kwa hiyo, nyumba ni haki ya upande wake, wazao wa kaka wa yule mume. Akishinda, mama angetolewa. Mama alikuwa ameingia nyumba ile akiwa bibi harusi, na hakuwa na kwingine. Babu hakuacha cheti cha kuzaliwa, na shahidi aliye hai hakuwapo. Zilibaki kumbukumbu za ardhi peke yake.

Katika mtaa ule, viwanja viligawiwa zamani kwa watu wenye familia. Aliyepewa alitakiwa kuwa na mtoto anayeishi naye; asipokuwa naye, kiwanja kilirudishwa. Ndiyo sababu kila baada ya miaka kadhaa mkaguzi alipita nyumba kwa nyumba, akapima mipaka na kuandika waliomo. Kadi zile hazitaji watoto kwa majina. Zinataja uhusiano na umri, basi. Lakini mtu akizifuata tangu ya kwanza hadi ya mwisho, anakuwa ameufuata ukoo wenyewe.

Karani alikuwa mama mnene, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alizipanga kadi juu ya kaunta kama mtu anayegawa karata.

"Haya dada, ukoo wako huo hapo. Tena mshukuru. Wenzenu panya wamekula mpaka mababu."

Nilianza na ya kwanza. Karatasi yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai. *Mume. Mke. Mtoto wa kike, miaka saba hivi.*

Nilihisi kitu kilicho jirani na furaha. Bibi alikuwa na mtoto. Madai ya baba mdogo yalikuwa yameanguka kwa mstari mmoja. Nikachukua ya pili, iliyoandikwa miaka mingi baadaye, kwa mwandiko wa mkaguzi mwingine. *Mjane. Mtoto wa kiume, miaka mitano. Mtoto wa kike, miaka saba hivi.* Huyo wa kiume alikuwa babu. Nikachukua ya tatu. Sasa babu ndiye mwenye kiwanja. *Mke. Mtoto wa kiume, miaka kumi. Mtoto wa kike, miaka saba hivi.* Huyo wa kiume alikuwa baba.

Baba hakuwa na dada.

Nikachukua inayofuata, ambamo nimo mimi mwenyewe. *Mtoto wa kike, miaka kumi na mmoja.* Ni mimi. *Mtoto wa kike, miaka tisa.* Ni mdogo wangu. Chini yetu, kwa wino uleule na mkono uleule:

*Mtoto wa kike, miaka saba hivi.*

"Familia yenu inapenda mabinti," karani alisema.

Kadi ya mwisho ilikuwa ya mwaka jana. Mimi nilikuwa nimepanga chumba mjini kwa muda mrefu, mdogo wangu ameolewa na ana watoto. Baba na mama walikuwa wakiishi peke yao. *Mume. Mke. Mtoto wa kike, miaka saba hivi.*

Nilizipanga upya kwa tarehe na kuzisoma tena tangu mwanzo. Hazikubadilika.

"Kuna makosa hapa," nilisema. "Mkaguzi amekuwa akinakili kadi ya zamani bila kutazama."

"Makosa au si makosa, sikiliza utaratibu." Karani alivaa miwani. "Kadi mpya haifungwi mpaka kila aliyekuwa kwenye kadi iliyopita ajulikane yuko wapi. Amekufa, mlete cheti. Amehama, mseme kahamia wapi, tukamwone huko. Yupo, aonekane kwa macho. Na baraza halipokei kadi isiyofungwa. Wataitupa, na hizi zote za nyuma zitaitwa takataka."

"Baba ana cheti cha kifo. Mama yupo."

"Basi kabaki huyu mtoto. Mwenye kiwanja akifa hukaguliwa upya, basi kesho jioni mkaguzi, Bwana Futi, anakuja kwenu. Mwonyesheni mtoto, yaishe."

"Hakuna mtoto."

Alinitazama juu ya miwani. "Dada, humu wanakuja watu wananiambia hakuna kiwanja, na mimi nakiona kwenye ramani. Sasa wewe unaniambia hakuna mtoto, na Bwana Futi kamwona. Nimwamini nani?"

Akapiga mhuri, akazima taa ya upande wake, akaniacha nikusanye nakala zangu gizani.

Bwana Futi nilimkuta uani mwa masjala, akiuosha mnyororo wa pikipiki yake kwa mafuta. Alikuwa mzee mwembamba, nadhifu, na futi ya kupimia ilikuwa imebanwa mkandani mwake kama wengine wanavyobana simu. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikamuuliza moja kwa moja kama mwaka jana aliona mtoto nyumbani kwetu.

"Mimi sinakili, binti. Naandika nilichokiona." Hakukasirika. "Alinifungulia geti. Nilipopima ukuta wa nyuma, baba yako mgongo ulikuwa unamsumbua, basi mtoto akanishikia ncha ya futi. Mtoto ana adabu yule. Hakusogea hata kidogo."

"Alikuwa mtoto wa nani?"

"Nilimuuliza marehemu. Akasema: wangu." Alifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja. "Ila kuna kitu. Siku ile ilikuwa kavu, jua kali. Lakini futi iliporudi... ilirudi imelowa. Ikanuka udongo. Ule udongo wa chini kabisa, mtu anapochimba akapita mizizi."

"Ukafanya nini?"

"Nikaikausha. Ningefanya nini?"

Nilitembea hadi kwa mama. Si mbali, na nilitaka kufikiri. Lakini sikufikiri kitu. Nilikuwa nikihesabu tu uwezekano uliobaki: cheti cha kifo cha mtu asiyezaliwa hakipatikani, anwani ya mtu asiyekuwapo haipo. Ulibaki uwezekano wa tatu, na huo nilikuwa bado siwezi kuutazama.

Geti la nyumbani lina makomeo mawili. La juu liko usawa wa bega. La chini liko usawa wa nyonga. Tukiwa wadogo tuliamini kwamba baba alitutilia sisi. Jioni ile niliinama, nikalimulika kwa simu. Komeo la juu lilikuwa limeshika kutu.

La chini lilikuwa liking'aa.

Mama alikuwa sebuleni, amekaa kwenye kiti kilicho mbali na dirisha, anachambua maharage kwenye sinia mapajani. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwekea kadi mezani kwa mpangilio wa tarehe. Hakuzisogelea. Aliendelea kuchambua, na vidole vyake vikaanza kutupa maharage mazima pamoja na mabovu.

"Mama, huyu ni nani?"

"Punguza sauti."

"Tuko wawili tu."

"Nimekwambia, punguza sauti."

Taa ya sebule ni ya manjano na haifiki pembeni. Mama aliweka sinia sakafuni. Alipozungumza, alizungumza kwa mnong'ono, akitazama magoti yake.

"Baba yako mdogo hajasema uongo wote. Bibi yenu hakuwa akipata mtoto. Mkaguzi alikuwa anakuja, na kiwanja kilikuwa kinarudi. Kuna mwanamke alimwendea. Mimi simjui, hata baba yako hakumjua. Akaambiwa mtoto atapatikana. Asiulize wa nani, wala ametoka wapi. Amwite tu. Amwite mwanangu, na awe anamaanisha. Mkaguzi akaja, mtoto akafungua mlango. Kiwanja kikabaki."

"Na babu?"

"Babu yenu, huyo bibi alimzaa mwenyewe, baadaye. Hilo ni kweli, wakunga walikuwepo. Lakini yule wa kwanza hakuondoka. Bibi alipokufa, babu yenu akamwita. Babu yenu alipokufa, baba yako akamwita. Lazima awepo wa damu ya nyumba anayemwita wake. Mimi siwezi. Mimi nimeolewa humu, ni mtu wa kuja."

"Anakula nini?"

Lilikuwa swali la kijinga, lakini nilitaka kujua kila kitu kwa zamu yake. Mama aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Halii," alisema. "Ndivyo anavyoanza. Anakuja hajui kulia. Anayemwita... humwachia kilio chake. Bibi hakulia mume wake alipokufa. Babu hakumlilia bibi. Na baba yako, wewe ulimwona ukubwa wako wote. Mtu mwema, hakunipiga, hakunitukana. Lakini mwanangu, mimi nimeishi na kabati. Nikifungua nakuta nguo zimekunjwa vizuri. Basi."

Karibu nicheke. Yeye pia karibu acheke. Kisha akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

"Wewe hukulia msibani."

"Nilikuwa na shughuli nyingi."

"Ndugu zako wote walisema hivyo. Ana shughuli nyingi." Akashika mkono wangu. "Umesikia mtu akikuita, tangu baba yako aondoke? Usiku, au ukiwa njiani?"

Nilisema hapana. Nadhani nilisema kweli. Hadi leo sina hakika kama kilichonikauka kilikauka kwa sababu ya msiba, kama kinavyowakauka watu wengi, au kama kilikuwa tayari kimeanza kuchukuliwa.

"Tukimwacha je? Tusimwite."

Mama aliangaza macho ukutani, kwenye dari, kwenye mlango wa chumba alicholala na baba miaka yote ile. Vyote hivyo vingekwenda.

Kesho yake jioni Bwana Futi alikuja na kadi mpya ndani ya mfuko wa nailoni. Baba mdogo alikuja nyuma yake, maana sheria inamruhusu mdai kuwapo. Alikuwa amevaa koti la suti na kandambili, na aliingia akiwa tayari anatazama madirisha kama mtu anayepanga yatapakwa rangi gani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Pole na msiba tena." Akakaa kwenye kiti cha marehemu. "Shemeji, hujambo? Mbona hata chai hakuna? Au mnafunga mizigo?"

"Chai ipo kwa wageni," mama alisema, akabaki amesimama.

Bwana Futi alipima. Safari hii nilimshikia ncha ya futi mimi. Ukuta wa mbele, wa nyuma, wa pembeni; vipimo vilikubaliana na kadi za zamani hadi inchi. Giza lilikuwa linaingia tuliporudi sebuleni. Akaketi mezani, akatoa kalamu, akaanza kujaza kadi mpya, akiwapitia waliokuwa kwenye ile ya mwaka jana mtu kwa mtu.

"Mume."

Nilimpa cheti cha kifo. Akanakili namba.

"Mke."

"Yuko mbele yako," mama alisema.

"Mtoto wa kike, miaka saba hivi."

Friji ilinguruma jikoni, ikazima.

"Mtoto yuko wapi?" Bwana Futi aliuliza kwa upole.

Baba mdogo aliegemea kiti akatabasamu. "Ndiyo, mtoto yuko wapi? Bwana mkaguzi, andika hayo. Familia nzima imejengwa juu ya watoto wa karatasi. Tangu bibi yao." Akanigeukia. "Mwite basi, binti yangu. Tunakusubiri. Au mpaka kwanza ukamzae?"

Mama alifumba macho.

Nilijua maneno ya kusema. Ugumu ulikuwa kuyamaanisha. Nilisimama mlangoni, nikitazama ua mtupu na geti lililofungwa, nikatafuta ndani yangu chochote ambacho kingeweza kumwita mtu. Nilijaribu kumfikiria baba: hakuna. Nikamfikiria mama, ametupwa barabarani na mashine yake ya kushonea: nilijua kwamba ni vibaya, lakini nilijua tu, kama mtu anavyojua hesabu. Ndipo nikamfikiria yeye mwenyewe. Mtoto anayefungua geti kila mkaguzi anapopita, anayeshika futi bila kusogea, anayeitwa siku ya kuhitajika na kurudishwa asikokujua mtu. Watu wanakuja, wanazeeka, wanazikwa. Yeye yupo tu, saba hivi.

Nikamwonea huruma.

Haikuwa nyingi. Ilitosha kujaza kiganja. Nikaisemea kabla haijaisha.

"Mwanangu," niliita. "Mwanangu... njoo."

Hakuna.

Mbwa wa jirani aliyekuwa akibweka alinyamaza katikati ya mbweko.

Kisha nikasikia komeo la chini.

Taratibu. Kama mtu aliyezoea.

Geti lilifunguka kwa ndani, ingawa uani hapakuwa na mtu. Harufu ilifika kabla ya kitu kingine: udongo wa chini, mbichi, unaokaa puani kama sarafu ya shaba. Halafu nyayo. Peku, zenye maji, zikivuka saruji, chap... chap... bila haraka. Nikasogea pembeni mwa mlango. Si kwamba niliogopa. Sikuogopa hata kidogo, na hilo ndilo ningependa msomaji alikumbuke. Nilisogea kwa sababu mtoto alitaka kupita.

Alikuwa mtoto wa kawaida. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Gauni safi lililopitwa na wakati, nywele zimesukwa na mtu mwenye subira. Alipiga goti dogo mbele ya Bwana Futi, kisha akamwendea baba mdogo, akasimama karibu na goti lake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," baba mdogo alisema.

Alilisema kabla hajafikiri, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri anavyolisema. Nikaona neno likitoka, na uso wake ukijaribu kulirudisha. Alimtazama mtoto miguuni, palipokuwa na kidimbwi kidogo cha maji kikipanuka kwenye saruji. Mdomo wake ulibaki wazi. Mtoto aliendelea kumtazama, akisubiri, kama watoto wanavyosubiri wakubwa wawaulize habari za shule.

"Mlalamikaji amemwona mtoto," Bwana Futi alisoma polepole huku akiandika, "na ameitikia salamu yake kama ndugu." Mkono wake ulitulia kabisa. "Umri?"

Mtoto alinigeukia. Ilikuwa zamu yangu kusema.

"Saba," nilisema.

"Hivi," aliongeza Bwana Futi, akaandika. "Uhusiano?"

Mama alitoa sauti. Haikuwa neno.

"Binti yangu," nilisema.

Kadi ikafungwa. Bwana Futi alifunika kalamu yake, akaaga kwa heshima zote, na alipokuwa anapita mlangoni nilimwona akiitoa futi mkandani na kuitia ndani ya mfuko wa nailoni, akaufunga fundo. Baba mdogo alitoka bila kuaga. Kandambili moja ilibaki chini ya kiti. Hakurudi kuichukua.

Baraza lilikaa asubuhi iliyofuata. Baba mdogo hakufika. Alituma mtu na barua kwamba ameondoa madai. Mwenyekiti alizipitia kadi, akasifu kwamba ni mara chache kuona mfululizo usiokatika hivyo, akamwuliza mama kama ana la kuongeza. Mama alisema hana. Tukapewa hukumu ikiwa na mhuri. Nilimshika mama mkono tukashuka ngazi, na njia nzima alikuwa akinitazama usoni, akitafuta kitu.

"Furahi basi kidogo," alisema hatimaye. "Nifurahishe na mimi."

Nilimwambia nimefurahi. Nilichagua maneno sahihi.

Haikupita muda akafunga mizigo yake mwenyewe. Hakuna aliyemfukuza, ndilo jambo ambalo mdogo wangu, aliyekuja kumchukua, hakulielewa. Mashine ya kushonea ilikwenda kwenye buti ya gari, masufuria kiti cha nyuma.

"Wewe umempigania nyumba, yeye anakuja kubanana na wanangu," mdogo wangu alisema akicheka. "Mama, una visa wewe!"

Mama alinivuta pembeni ya ukuta.

"Sikatai nyumba, mwanangu. Lakini zamani alikuwa akinipita kama hanioni. Jana ameniita bibi." Akatazama geti. "Na mimi nikaitika."

Kadi inataka mtu wa kuishi na mtoto. Nikaachia chumba changu mjini, nikahamia.

Si maisha magumu. Mchana simwoni. Jua likishuka, komeo hulia, naye huingia na kukaa karibu nami kwenye kochi, naye si mbichi tena kama siku ile. Kila jioni anazidi kukauka, na mkono wake una joto. Wangu ndio ulio baridi. Usiku hulia. Mara ya kwanza nilikwenda kumsikiliza mlangoni, nikakitambua kilio mara moja, kwikwi ile ya kujikaza kwanza kisha kuachia. Ni changu. Alikuwa akimlilia baba, kwa sauti yangu, vizuri sana, kama nilivyopaswa kumlilia mimi. Nikasimama pale hadi akamaliza. Nikarudi kulala.

Juzi aliniuliza kitu. Tulikuwa tumekaa bila taa.

"Mama," alisema, "mwenye futi atarudi?"

"Baada ya miaka. Au mwingine kama yeye."

"Wewe utakuwepo?"

"Huenda."

Kisha akaniegemea, akaninong'oneza sikioni, na pumzi yake ilikuwa na joto la mtoto yeyote.

"Baada yako ni nani?"

Sina mtoto. Nilimweleza hivyo, naye akasubiri, kwa adabu yake ile, bila kusogea. Kwa hiyo nikaanza kuwapitia watoto wa mdogo wangu, ambao ni damu ya nyumba hii. Mkubwa ana hasira za haraka, hafai. Wa kati anasahau upesi anachokipenda. Wa mwisho ni msichana mpole, na mama ananieleza kwenye simu kwamba analia kwa kitu kidogo sana, hata kwa ndege aliyekufa barazani kwa watu. Mtoto wa namna hiyo ana kingi cha kutoa.

Nilitafuta ndani yangu sababu ya kutofanya hivyo. Nilitafuta kwa uangalifu, kona hadi kona. Nguo zote zilikuwa zimekunjwa vizuri.

Asubuhi nilimpigia mdogo wangu simu. Nimemwomba amlete yule wa mwisho, aje kukaa nami likizo. Alifurahi sana.